Mume Wangu Amepofuka, Sasa Anataka Kuhamia kwa Mke Mwenzangu Kipofu

Admini, nifiche jina tafadhali, huku Embu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka themanini na nane, mjukuu ndiye ananiandikia. Msinicheke. Mkidhani wivu huisha mtu akibaki bila meno, mmekosea sana.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, nikiwa nimeolewa juzi tu, mume wangu alitorokea Meru mjini, akajificha mtaa wa Majengo kwa Waislamu wauza nyama. Serikali ilipomkamata ikamrudisha kijijini kwetu, tulikofungiwa na Wazungu ndani ya ua na handaki, na akaja amemshika mkono msichana kipofu. Nitamwita Karimi. "Huyu pia ni mke wangu," akasema, basi. Kwao Karimi walimfukuza wakisema upofu wake ni laana. Kule Majengo walimpokea, wakampa kiti, wakamsalimu kabla ya wengine. Kwetu je? Mama mkwe alivunja kibuyu alichonywea Karimi. Watoto walikatazwa chakula alichogusa, eti upofu ungewaingia. Nami sikumtetea, nilifurahi, nikajua hatamaliza mwezi.

Lo! Mume wangu akaketi nje, watu wote wakitazama, akala irio, mahindi na maharagwe yaliyopondwa, kutoka mkononi mwa Karimi.

Sisi wengine tulichimba handaki kutwa, homugadi, askari weusi wa serikali, wametusimamia na fimbo. Karimi aliachwa nyumbani, "huyu atachimba nini?" Jioni narudi na matope mpaka masikioni, na kupitia ukuta nawasikia. Karimi anasema, "Nieleze." Na yule mwanaume, kwangu bubu kabisa, anaeleza: mlima leo umefunikwa na mawingu mpaka kiunoni, moshi wa jikoni unaelekea mtoni, maharagwe yametoa maua meupe. Siku moja nikamuuliza, "Mbona mimi huniambii kitu?" Akashangaa. "Wewe si una macho?" Neno hilo nimelimeza mpaka leo, na bado linanikwama kooni.

Mwaka jana macho ya mzee yalizima kabisa. Mungu anisamehe, nilisema zamu yangu imefika. Kwetu mzee hukaa kwa mke mkubwa mpaka siku yake ya kufa, kwa hivyo yuko kwangu. Nikaketi karibu nikamweleza: mahindi yametoa ndevu, ng'ombe amezaa ndama mwenye baka usoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Asante, mama. Sasa nataka nihamie kwa Karimi." Watoto wamegawanyika, wanangoja neno langu. Nikisema hapana, hatahama.

Wiki iliyopita nilimpeleka huko kunywa uji, nikabaki mlangoni. Kumbe Karimi anamrudishia yale yale ya Emajensi! Mlima, moshi, maua ya maharagwe, hajasahau hata moja. Halafu akasema, "Na jioni ile ukaniambia mke wako mkubwa anakuja, jembe begani, matope mwili mzima, na kijiji kizima hakuna mwanamke mzuri kama yeye."

Mzee akacheka. "Ni kweli. Bado namwona."

Mimi huyo! Hajawahi kuniambia, hata siku ya harusi. Uzuri wangu wote umewekwa kwa mwanamke ambaye hakuuona hata siku moja! Nilitamani nimwage ule uji.

Jamani, nyinyi mnaosoma, nipeni akili. Nimzuie mzee, abaki kwangu amenyamaza? Ama nimwache aende, nami nibebe kiti changu nimfuate, nimwambie yule mwanamke, "Nieleze na mimi"?