Tumbawe la Corwin

Kama ulisomea mashariki ya Toledo miaka ile, dereva wa basi la shule alikuwa Marlys Kubiak: mwanamke mfupi, sauti ya radi, na ole wake mtoto atakayesimama kabla gari halijatulia. Lakini waliomjua hasa ni watu wa chama cha wafuga matumbawe ya baharini kwenye matangi ya vioo majumbani, wanaokutana ukumbi wa chini wa kanisa kila masika kubadilishana vipande vya viumbe wao, kama akina mama wanavyogawiana vipando vya maua.

Watu huwacheka. Ati mtu mzima na akili zake anaamka alfajiri kupima chumvi ya maji! Wacheke tu, hawajui kitu.

Si Marlys aliyeanza ufugaji huo, ni mwanawe Corwin. Alikuwa na tumbawe moja la kijani, ncha zake za rangi ya chungwa, analipenda kupita kiasi. Kila mwaka alilikata, akavunja vyungu vya maua kwa nyundo, akabandika vipande juu ya vigae vile na kuvigawa chamani. Ndiyo desturi yao: mpe mwenzio kipande, ili siku tangi lako likifa uende kwake, akukatie ulichokuwa nacho. Saratani ya damu ilimchukua Corwin hata miaka ishirini hajafikisha. Mama akabaki na tangi.

Siku hizo kubadilishana kulikuwa vurugu tupu. Kila mtu anasimama na kipande chake na kuhutubia: hili ni la fulani, nilipewa na fulani, liliugua hivi likapona vile. Mchana kutwa! Wakongwe wanaviziana vipande vizuri, wageni wanaambulia makapi. Na kila mwaka hakosi mtu wa kusimama na kusema, "Hili ni la Corwin," ukumbi mzima ukageuza shingo kumtazama mama mtu.

Basi Marlys alipochaguliwa mwenyekiti, akakata mzizi wa fitina.

"Hotuba basi," akasema. "Kila kipande kwenye kitako cheupe, vyote sawasawa, na namba juu yake. Unatoa vitano, unaokota vitano kwa kura. Tukimaliza tunakula."

"Na majina?" akauliza Duane Pfister, fundi wa mabomba, mbishi na mcheshi wa chama. "Tumbawe lina jina lake, Marlys. Au nalo unataka lipewe namba kama basi lako?"

"Tumbawe halijui jina lake, Duane. Kaa chini, unanizibia watu."

Wakacheka, wakapiga makofi. Na tuseme kweli, mambo yalinyooka. Wageni walipata vipande vya maana, ugomvi ukaisha, sandwichi za nyama zikaliwa zingali moto. Marlys mwenyewe ndiye aliyeketi na koleo, akivibandua vipande vya zamani kutoka kwenye vigae na kuvigandisha kwenye vitako vyeupe. Vigae akatupa kwenye pipa. Walimsifu kwa utaratibu wake. Hawakujua kwamba alikuwa amechoka kusikia jina la mwanawe likitajwa na watu wenye donati mdomoni. Mimi simlaumu hata kidogo.

Ikaja mvua ya barafu, nyaya za umeme zikakatika mtaa hadi mtaa. Marlys alilifunika tangi kwa mablanketi yote ya nyumba, hata lile la kitanda cha Corwin. Akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akayajaza kwenye chupa na kuziacha zielee ndani ya tangi, akakoroga kwa mkono mpaka bega likakataa. Umeme uliporudi, maji yalikuwa yananuka mayai viza, na lile tumbawe lilikuwa limechunika, limebaki mfupa mweupe. Mwanamke yule, ambaye hata makaburini alisimama wima, alikaa sakafuni akaangua kilio.

Kisha akajifuta uso. Si kuna desturi? Vipande vya Corwin vimejaa mjini. Akavaa koti, akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba.

"Lile la kijani, ncha za chungwa?" Rosetta Tate, muuguzi, akamsogeza kwenye tangi lake. "Ninayo matatu hapa, mpenzi, yote ya kura. Hili lilikuwa kijani, nikabadilisha taa, likawa buluu. Hili lilikuja buluu, sasa ona, kijani. Lipi ni la Corwin, sijui. Wewe mwenyewe hulitambui?"

Marlys akabandika pua kwenye kioo, akatazama weee. Hakulitambua.

"Chukua yote matatu basi."

"Sitaki matumbawe, Rosetta. Nataka la mwanangu."

Kila nyumba ikawa hadithi ile ile, hata kwa Duane. Tumbawe hugeuka rangi kila linapohama tangi. Kilichokuwa kikilitambulisha ni jina na kigae, na vyote viwili alivitupa yeye kwa mikono yake.

Jumapili Duane akabisha mlangoni, kakumbatia kopo la maji.

"Mimi bwege," akasema. "Nilikuambia sina, kumbe lilikuwa nyuma ya jiwe. La Corwin hili. Alinipa kwa mkono wake, na unanijua mimi mkaidi, kigae sikukitoa."

Marlys akakigeuza kipande. Kigae kilichokaa tangini miaka huota utando wa zambarau mpaka udongo hauonekani. Hiki kilikuwa chekundu kisafi, kingo zake kali, na gundi bado nyeupe.

"Ndilo?" akauliza.

"Ndilo kabisa." Duane alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ahsante, Duane." Akalipokea, akalitia tangini.

Masika yalipofika, watu wakajipanga ukumbini na namba zao. Marlys akasimama mbele, kipande mkononi.

"Leo hakuna kura mpaka kila mtu aseme lake ni la nani."

"Na chakula?" akauliza mmoja kutoka nyuma.

"Mtakula cha baridi." Akakiinua kipande. "Naanza mimi. Hili ni la Duane Pfister. Alinipa mwaka wa barafu, akavunja chungu cha maua cha mkewe kwa ajili yangu."

Duane akavua kofia, akafunika nayo uso. "Kumbe ulijua?"

"Tangu pale mlangoni."

Kisha wakasimama mmoja mmoja, naye akawasikiliza, macho yakihama kutoka mdomo hadi mdomo, akingoja kusikia jina la mwanawe. Wengi walisema, "Hili sijui la nani," na kuketi haraka. Wa mwisho naye akaketi. Marlys akauliza kama kuna aliyebaki. Hakuna aliyebaki.