Zamu ya Binti wa Mizani

Jina la Mizani nilimpa mimi, tena kwa utani, siku bomba la uani lilipokuwa linatoa maji kwa kudondosha naye akasimama anawagawia wapangaji kwa kikombe, asipunjwe mtu. Nilimwambia, "Dada, wewe hukuzaliwa, ulipimwa!" Akacheka mpaka maji yakamwagika. Jina likashika mtaa mzima, na laiti ningejua ningefunga mdomo wangu.

Vyumba vyetu vilipakana. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu ndio duka langu. Yeye alikuwa mfagiaji kwenye kiwanda cha magunia mpaka kilipofungwa. Kilipofungwa kile kiwanda, jamani, mtaa ulikufa. Wanaume wazima walishinda wameegemea kuta utadhani wakiondoka zitaanguka. Mimi nikawa natia viraka tu, kiraka juu ya kiraka.

Ndipo wakaja watu na ramani zao. Kiwanda kitageuzwa soko, barabara itatiwa lami, zahanati itajengwa. Na mkandarasi kafungwa sharti: wafanyakazi watoke humuhumu mtaani, asilete malori ya watu wa kwingine. Anatakiwa mtu mmoja anayewajua wakazi, awachague na kuwadhamini. Mkutano mzima ukapaza sauti, "Mizani!"

Kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Walimpa kibanda cha mlinzi wa zamani, akaweka meza na benchi, akaanza kuwaita watu zamu kwa zamu. Alijua nani ana mikono na nani ana mdomo tu. Mlevi wetu wa pale kona alimwambia, "Njoo kesho unanuka sabuni, nitakupeleka." Jamaa alikuja ananuka sabuni mpaka macho yanatuwasha! Leo huyo ndiye mlinzi wa ghala la soko, na ukimkuta hakuna salamu, anataka kwanza kujua umefuata nini. Nami nikaona kwenye cherehani yangu: walioleta viraka wakaanza kuleta vitambaa vipya.

Sasa nije kwa binti yake, na hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Marehemu mume wa Mizani alikuwa fundi vigae, na binti alimfuata kazini tangu akiwa mdogo wa kuchanganya saruji kwa kijiko. Baba alipofariki aliacha mwiko, pimamaji na mtoto anayejua kuvitumia. Sakafu ya chumba changu aliitandika yeye kwa vigae vilivyobaki, vingine vimevunjika, kila kimoja na rangi yake. Weka gololi pale katikati, haiendi popote. Maji hufuata mkondo; mkono ule ni wa baba yake.

Alitaka kazi, na aliistahili. Zamu ya kwanza mama yake akamwambia, "Wa nje kwanza, mwanangu. Nikikuweka wewe watasema nimeanza na tumbo langu." Binti akasubiri. Zamu ya pili, hivyohivyo. Ya tatu nikashindwa kuvumilia. "Dada, mganga hajigangi, sawa, lakini hata mwanawe?"

"Wewe shona," akanijibu.

Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba watu walikuwa wanasema tayari! Mteja mmoja alisimama hapa, gauni limejaa pini, ananiambia binti wa Mizani kafichiwa nafasi nono ofisini, anangoja kuitwa tu. Nikamwuliza kaona wapi. "Lisemwalo lipo, shoga." Nikamwambia, basi kalisemee barabarani, nikamtoa na pini zake. Jioni nikamweleza Mizani, nikidhani atasema: kama wanasema bure, bora wawe na la kusema. Thubutu! Alizidi kukaza kamba.

Ikafika zamu ya zahanati. Msimamizi wa ujenzi mwenyewe alikuja kwangu kukunjiwa suruali, akatazama chini, akasahau suruali. "Hii sakafu kaitandika nani?" Nikamtaja, nimevimba kama nimemzaa. Akaenda moja kwa moja kibandani, akasema anamtaka fundi huyo. Mizani akamwambia fundi huyo hayumo kwenye zamu, akampelekea kijana wa nyumba ya nyuma, ambaye alikuwa hajawahi kutandika hata sakafu ya banda la kuku.

Jioni mama na binti walikutana uani. Nilikuwa naanua nguo; hawakunificha, nami sikuondoka.

"Mama, nikuulize, na unijibu kweli. Ningekuwa mtoto wa mama mdogo hapa," akaninyooshea kidole mimi, "ungenipeleka?"

Mizani hajui kusema uongo, na siku hiyo laiti Mungu angemfundisha. "Ningekupeleka wa kwanza."

"Haya," binti akasema.

Hakulia, hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na begi la nguo na vifaa vya baba yake.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Nisikojulikana ni mtoto wa nani."

Mizani alibaki amesimama katikati ya ua. Nilimwambia, mkimbilie, dada, mkimbilie. Akasema atarudi mwenyewe, hasira za mtoto hizo. Hakurudi.

Simu za mama yake hakupokea. Mimi alinitumia salamu mara mojamoja: mzima, kapanga na wenzake, anatafuta. Zahanati ikafunguliwa kwa vigelegele, na sakafu yake ina bonde mlangoni; wakideki, maji yanatuama pale na wagonjwa wanayaruka. Kibanda kikafungwa, kazi zikawa zimekwisha. Watu wangapi wanakula leo kwa sababu ya Mizani, sijui. Kila anakopita wanamwamkia, wanampisha kwenye foleni. Akifika nyumbani hana wa kumpikia. Alikonda, jamani. Akawa anakuja kushinda kwangu, ananishonea vifungo, na kila siku swali moja: "Amekusalimia?"

Siku moja alikuwa anamalizia vifungo vya shati la shule simu yangu ilipolia. Ni simu kuukuu, husikii kitu mpaka uifungulie spika, basi anayepiga anasikika mpaka kwa jirani.

"Habari za mchana, mama. Napiga kutoka ofisi ya ajira, mtaa wa ng'ambo ya reli. Tuna binti hapa, fundi vigae, tunataka kumpa kazi ya shule mpya. Kwa vijana, utaratibu wetu ni mzazi athibitishe. Anasema wewe ndiye mama yake mzazi. Ni kweli?"

Sikuthubutu kumtazama Mizani, na nilipomtazama alikuwa ameshika sindano hewani. Nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba sikupanga mimi, haki ya Mungu sikujua. Nikamsogezea simu, aseme mwenyewe.

Akaisukuma ikanirudia.

"Mkubalie," akaninong'oneza. "Mkubalie haraka, wasije wakampa mwingine."

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Ndiyo. Ni wangu. Nimemzaa mimi." Sauti ilinitoka kama si yangu.

"Vizuri. Na kazi anaiweza? Anategemeka?"

Nikafungua mdomo, lakini Mizani alikuwa ameshaniinamia, mdomo sikioni. Hachelewi, mwambie. Haharibu kigae. Hasemi uongo. Akiona kazi imekaa vibaya anabomoa na kuanza upya bila kuambiwa. Mimi nikawa narudia neno kwa neno, naye ananipa mengine, mbiombio, machozi yanadondokea shati la watu.

"Basi, mama, inatosha," yule bwana akacheka. "Aanze Jumatatu."

Simu ikakatika. Mizani akafuta uso kwa kiganja, akaliokota shati, akatafuta tundu la kifungo asilione.

"Mpigie umpongeze," akasema. "Usimwambie nilikuwepo."