Chumvi Kando ya Ukuta

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na sijawahi kukaa katika mji wowote bila kuanza kutamani mwingine. Nikiondoka, huanza kuukumbuka ule nilioukimbia. Mpanda naikumbuka kwa mvua ya kwanza ya mwaka ule nilipokuwa nafunga kamera na intaneti kule Kashaulili, na kwa damu niliyoiona baada ya mvua hiyo.

Nilikuwa nimepanga nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa wa umri wangu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hukuhuku na uraia anao. Kiangazi kile nilimfungia kamera. Nilitumia kebo yenye ngozi ya bati nyembamba ndani, ili mota ya mashine isivuruge picha. Ngozi ile lazima iunganishwe na ardhi, la sivyo inageuka kuwa njia ya kuingiza umeme ndani ya nyumba. Kwa hiyo tukapigilia fimbo ya shaba nje, karibu na ukuta aliochangia na jirani. Udongo wa Mpanda wakati wa kiangazi unakauka kama tofali na haupokei umeme, ndiyo maana tulichimba shimo kuizunguka fimbo, tukajaza mkaa na chumvi. Jioni, akishafunga kazi, alikuwa akimwaga ndoo ya maji pale na kuongeza chumvi kidogo.

Jirani mwenyewe alikuwa mama mwenye duka la fotokopi na intaneti. Antena yake ilisimama juu ya bomba refu, na kebo ya aina ileile ilishuka mpaka mezani. Fundi aliyemfungia alikuwa amechukua waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, akaukaza kwenye nondo ya dirisha.

"Chuma si chuma, fundi?" aliniuliza nilipomwonyesha.

"Hiki kinaishia kwenye tofali, mama. Hakifiki chini. Nikuchimbie hapo mlangoni."

"Uniharibie marumaru zangu, hata mwezi hazijamaliza? Niache bwana."

Siku mvua ya kwanza ilipokuja, radi ilipiga antena yake alasiri. Kebo ilipasuka kutoka kwenye antena mpaka mezani, ukuta ukabaki na mstari mweusi, kompyuta zikalipuka. Mama alikuwa ameishika kebo akitaka kuichomoa. Alirushwa mpaka kwenye rafu za karatasi, ngozi ya kiganja ikachubuka yote. Upande wa mashine ya kusaga hakuna kilichoungua.

Hilo ndilo lililomponza mwenye mashine.

"Radi gani hiyo inachagua nyumba?" kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliuliza kwa sauti. "Si tulimwona anamwaga chumvi ukutani kila jioni?"

"Na mkaa!"

"Kumbe alikuwa anaitega!"

Watu waliojaa barabarani walimburuta nje. Mpini wa jembe ulimpata mdomoni, akaanguka kwenye tope, wakaanza mateke. Nilijipenyeza nikipiga kelele: "Jamani, ile ni ethi! Mimi ndiye niliyemwekea!"

"Kumbe nyie mko wawili!" Kipande cha tofali kikanigonga begani.

Nikadhani wakiona kwa macho wataelewa. Nikafukua shimo, nikaivuta fimbo juu. Ndiyo nikaharibu zaidi.

"Mwoneni! Kafukia shaba!"

Mtu mmoja alikimbilia kwa bodaboda, akarudi na petroli kwenye chupa ya maji. "Rudi na shaba yako kwenu!"

"Kwetu ni hapa," alisema yule aliyelala chini, damu ikimtoka pamoja na maneno. Wakamkanyaga mbavu.

Nilikimbilia dukani. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mkono umefungwa khanga iliyoloweshwa maji.

"Mama, wanamchoma. Wewe unajua."

Alitazama mlangoni. Wale walikuwa wateja wake. Harufu ya petroli ilipotufikia, akainuka, akatoka, akaipokonya ile chupa kwa mkono wake mzima.

"Huyu fundi aliniambia waya wangu haufiki chini. Nilikataa kwa ajili ya marumaru. Ingieni muone umefungwa wapi! Kama ni kuchoma, anzeni na mimi."

Kinyozi aliingia. Aliiona nondo ilivyopasua plasta, pameungua kuizunguka. Akatoka, akavuka barabara kurudi kwenye kibanda chake. Wengine nao wakatawanyika, mmojammoja. Hakuna aliyeomba radhi.

Nilitaka kumpeleka mwenye mashine hospitali. Alikataa. Meno mawili hayakuwepo.

"Kachimbe kwake."

"Kaka, kwanza tukatibiwe."

"Ukuta ni mmoja. Kwake kukipigwa tena watakuja kwangu. Chimba sasa hivi."

Mama alinisogelea na nyundo. "Vunja," alisema.

Nilivunja, nikachimba. Mwenye mashine alikaa kwenye gunia la pumba mlangoni pake, jicho moja limefumba, akimwita kila aliyepita.

"Wewe, kaka, uliyenipiga teke! Usikimbie, njoo uone kinachowekwa humu. Hii ni chumvi ya dukani. Njoo uionje."

Yule kaka alisogea, akaonja.