Miguu ya Bibi Mlangoni

Nilipokuwa mtoto nilikojoa kwa kuchuchumaa. Wenzangu wa madrasa walisimama nyuma ya duka letu pale Kasulu, wakishindana nani atafika juu ukutani. Mimi nikisimama nalowa miguu, maana tundu langu halikuwa kwenye ncha kama lao. Lilikuwa chini yake, na govi lilifunika upande wa juu tu. Wakaniita Bi Chuchumaa.

Nyumbani hakuna aliyeuita ugonjwa. Bibi, mama yake baba, mtu wa Ujiji, alishatoa hukumu siku niliyozaliwa: huyu katahiriwa na malaika tumboni. Aliisema kwa fahari.

Likizo moja baba akaamua kutupeleka zahanati tukatahiriwe, mimi na binamu zangu. Nilifurahi mno. Nilidhani kisu kitanisawazisha, nirudi nakojoa wima kama watu. Bibi akaketi mlangoni, akanyoosha miguu. Kwetu kuruka miguu ya mzee ni kujitafutia balaa, kwa hiyo sikutoka.

"Kazi ya malaika hairudiwi," alisema. "Mkimkata mtamharibia."

"Mama, watu watatucheka," baba akamwambia.

"Wacheke. Meno ni yao."

Baba akaniacha, akawapitisha binamu zangu mlango wa uani. Wakarudi wamevaa khanga, wakapikiwa supu ya kuku. Mimi nikaambulia shingo. Nilimchukia Bibi likizo nzima.

Baadaye niliugua malaria, na hospitalini mama akapata ujasiri wa kumnong'oneza daktari habari za kule chini. Daktari akatazama.

"Hajatahiriwa?"

"Bado. Bibi yake alizuia."

"Mshukuruni aliyewazuia."

Akaeleza kwamba wavulana wengine huzaliwa hivyo, njia ya mkojo haikufika mwisho ilipokuwa inajengeka. Si laana, na mama hakukosea kitu. Hurekebishwa kwa upasuaji, afadhali mtoto akiwa mdogo zaidi, na ngozi ya kujengea njia mara nyingi ni hiyohiyo ya govi. Mama alilia pale pale.

Tukapewa rufaa Mwanza. Nililazwa na mpira wa mkojo, kidonda kikiuma, nikimlaani kila mtu. Ulipotolewa, muuguzi akaniambia nisimame. Nikasimama. Mkojo ukaenda mbele.

"Kumbe walibakiza makusudi," Bibi alisema tuliporudi. Malaika wake hawakushindwa kamwe.

Alikosea sababu, marehemu, na bado ndiye aliyeniokoa. Nimeacha kulitafutia hilo maelezo.

Siku hizi naishi Kibondo. Mwanangu kazaliwa kama mimi, na rufaa yake imeshatoka. Juzi shemeji zangu walikuja kumchukua akatahiriwe pamoja na watoto wao. Nikawaeleza yote, neno kwa neno kama daktari alivyotueleza. Wakacheka, wakasema nadekeza mtoto, na mmoja akamnyanyua.

Basi nikaketi mlangoni, nikanyoosha miguu.