Nta kwenye Jino la Mbele

Mimi ndiye yule mzee wa kanisa aliyetoa povu mdomoni katikati ya sala, mbele ya wakwe na mbele ya mke wangu niliyekuwa sijamwona kwa miaka saba, na nikiweza kuwasimulia leo ni kwa sababu Mungu ni mvumilivu.

Mke wangu Robi alirudi kwao ng'ambo ya mpaka mwaka ule dhahabu iliponiita kwenye machimbo ya Kerende nami nikaenda (sikumuuliza, huo ndio ukweli). Shimoni sikupata utajiri, nilipata mpini wa nyundo kwenye jino la mbele. Lilitibiwa mzizi, likapona, kisha likawa jeusi. Basi niliposikia anakuja nyumbani kwangu Morotonga kwa posa ya binti yetu Bhoke, nilitamani anikute na meno aliyoyaacha.

Daktari wa meno alitoboa jino kwa nyuma, akatia ndani dawa ya kulifanya jeupe, akaziba.

"Mzee, chini nimeziba dawa isishuke kwenye mzizi. Kizibo hiki cha juu ni cha muda. Kikitoka, urudi siku hiyohiyo, dawa itakuunguza."

Siku ya nne nikatafuna mahindi ya kuchoma (mimi huyu!), kizibo kikatoka. Nikaogopa daktari ataiondoa dawa na Robi anafika kesho, nikachukua nta ninayozibia nyufa za mizinga yangu, nikailainisha, nikaishindilia kwa kidole, nikajiona fundi.

Kesho yake Robi akashuka kwenye bodaboda.

"Habari za siku, Baba Bhoke," akasema, kana kwamba nilitoka sokoni tu.

Maneno yote niliyoyatunza miaka saba nikayaficha kwenye chai, vikombe viwili vya moto, na nta ikayeyuka kimyakimya. Wakwe walipoketi, nikaombwa kuongoza sala ya kushukuru. Nilipofika "Baba, umetukutanisha," dawa ikavuja, ufizi ukawaka, povu likajaa mdomo, nami nikazidi kusali ili niwahi amina, povu likishuka ndevuni.

"Kifafa! Mlazeni chini!" mjomba wa bwana harusi akapiga kelele, wakanilaza kweli.

Robi ndiye aliyeleta maji, akanisukutulisha, nikamweleza yote.

"Nta?"

"Nta."

"Ya nyuki?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa kicheko kile ningeunguza ufizi wa pili. Kisha akafuta macho, akasema polepole, "Baba Bhoke, mimi sikuondoka kwa sababu ya jino."

Posa ilipita salama, ashukuriwe Mungu. Jumatatu Robi akarudi kwao. Daktari alilisafisha jino, akaliziba kwa kizibo cha kudumu, akauliza kama tuanze upya kulifanya jeupe. Nikakataa, limebaki rangi ya majivu. Nimeapa kwamba alichoziba daktari atakiziba daktari. Na lile swali nililopaswa kumuuliza Robi kabla ya Kerende, nimemuuliza kwa simu: je, tuishi wapi?

"Nalifikiria," akasema.

Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa neno hilo moja, na chai nainywa imepoa.