Kaburi la Luxor
Madam alinichukua kwenda Misri kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuwalisha watoto wake. Huko Luxor, penye makaburi ya wafalme, alilitazama jua mara moja tu, akarudi na watoto ndani ya gari kwenye kiyoyozi. Akanipa simu yake. "Yalla, shuka upige picha. Usiache kitu."

Nikashuka. Ukutani mwa kaburi moja walichorwa watumishi wamebeba mikate, mabata na mitungi, na bwana wao ameketi tu, mkono mbele, anangoja kuletewa. Mtembeza watalii akatueleza tuliokuwa mle kwamba wakubwa wale walizikwa na visanamu vidogo, ili huko ahera mwenye kaburi akiitwa kufanya kazi, kisanamu kiitike badala yake. Nikacheka peke yangu. Mtu amekufa, amekaushwa, amefungwa vitambaa mwili mzima, na bado anatafuta hausigeli.

Tuliporudi nyumbani Jeddah, wageni wakajaa sebuleni. Madam akawaonyesha picha zangu moja baada ya nyingine, akisema machozi yalimlengalenga alipougusa ukuta ule. Alichogusa siku ile ni kitufe cha kiyoyozi. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye udadisi, akamwuliza kama kule chini kaburini kuna joto.

Madam akanigeukia mimi niliyesimama na birika la kahawa, akasema, "Mwambie."

"Kuna joto kali," nikaitika badala yake.