Neno la Kumzuia Bibi

Siku ya kwanza kuongoza wageni kule hifadhi ya Mikumi, niliingiwa na hofu hata nikasahau kufunga mlango wa gari. Si simba walionitisha. Mimi ni mtoto wa Vidunda, jirani na hifadhi, wanyama nawajua. Kilichonitisha ni Kihispania. Mkuu wa waongozaji alisikia kwamba sista mmoja wa misheni kule Kilosa, aliyeishi miaka mingi Amerika ya Kusini, ananifundisha, basi akanikabidhi wageni wote wa lugha hiyo. Nilijua maneno machache tu, jamani.

Sista alinikazania kitenzi kimoja, quedar. Ni kubaki: maji yamebaki kidogo. Ni kupatana: tukutane getini alfajiri. Shati likikukaa vizuri, ni hicho hicho. Na ukitaka mtu asiondoke alipo, unamwambia quédese. Nilikirudia njia nzima kwenye bodaboda, dereva akidhani nasali.

Hilo la mwisho lilinishinda. Kwetu mkubwa humwamrishi. Unamsalimu, unangoja akujibu, ndipo unaomba. Kwa hiyo kila sentensi niliitangulizia samahani na tafadhali. Mkuu akanisikia siku moja, akauliza, "Wewe unaongoza au unaposa?"

Msimu huo huo nikampeleka bibi mmoja, rika la mama yangu, kwenye bwawa la viboko, ambako wageni huruhusiwa kushuka garini. Akatangulia na kamera hadi nyuma ya kichuguu kikubwa. Mara tembo jike akatoka vichakani na mtoto wake, wakielekea majini. Tembo wetu wamezoea sauti za watu wa magari. Asichotaka mwenye mtoto ni mtu kumtokea ghafla. Bibi akitulia pale, salama. Akitoka, nampoteza.

Nikaanza kwa adabu zangu zote: samahani mama, tafadhali, naomba... Kwa sauti ile laini akadhani namwita tuondoke. Akageuka, akatabasamu, akaanza kuja, kichuguu kikimficha tembo. Nikapaza sauti:

"Quédese!"

Sijawahi kumtolea mtu mzima sauti ile. Akaganda. Tembo akatanua masikio, akatutazama, kisha akamsukuma mwanawe kwa mkonga wakashuka majini. Nilisimama pale pale mpaka walipokunywa wakaenda zao. Bibi alipofika garini nilimwomba radhi kwa kumfokea. Akanishika mikono, yake ikiwa ya baridi.

Sasa nimestaafu, nimerudi Vidunda. Mama bado yupo, ila macho yamepungua, na mvua ikinyesha anachukua jembe kwenda shamba la mteremkoni, ambako njia imemomonyoka. Nalala na hofu hiyo, naamka nayo. Mgeni nilimwamrisha kwa neno moja akapona. Kwa mama, nimejaribu. Juzi alfajiri nilisimama mlangoni kumzuia, nikafungua mdomo.

"Unasemaje?" akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, akanipita na jembe lake. Nikachukua langu, nikamfuata.